Gharama ya Kuvuka Mutukula: Vita vya Kagera, Lugha ya Kufunga Mkanda na Maisha ya Mbagala

Utangulizi

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, neno vita katika Kiswahili cha siasa lilikuwa na sura ya ujenzi kuliko ya uharibifu. Maadui waliotangazwa na chama cha TANU walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Silaha za kupambana nao zilikuwa kalamu, zahanati na jembe. Mwezi Novemba 1978 neno hilo lilirejea ghafla katika maana yake ya asili, ya mizinga na vifo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, lilihamia tena katika siasa ya ndani, na safari hii adui alikuwa mlanguzi, yaani raia mwenye duka au stoo. Historia iliyo kati ya matumizi hayo mawili ndiyo mada ya mhadhara huu.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimeandikwa zaidi kama habari ya ushindi. Baldwin Mzirai alichapisha Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Majina ya vitabu hivyo yanatosha kuonyesha mwelekeo wa masimulizi ya wakati ule: kilele chake ni pale adui anapozama au anapoanguka. Hiyo ndiyo kawaida ya masimulizi ya vita tangu tenzi za kale za pwani. Hata hivyo, gharama ya vita aghalabu huanza kulipwa pale masimulizi yanapokoma.

Swali linalochunguzwa hapa si kama Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda. Nchi ilivamiwa, watu wake waliuawa, na sehemu ya ardhi yake ilitangazwa kuwa mali ya nchi nyingine. Swali ni la hatua iliyofuata: nchi maskini ilipoamua kuvuka mpaka na kuikuza vita hiyo hadi mji mkuu wa adui, ilijitwisha hatari gani za kisiasa na za kiuchumi, na nani hatimaye alibeba mzigo huo? Ili swali la mwisho lisibaki katika takwimu za taifa pekee, mhadhara unaitazama Mbagala, kitongoji cha Temeke kilichopo kando ya Barabara ya Kilwa, kusini mwa jiji la Dar es Salaam. Mbagala iko mbali sana na Kagera, na umbali huo ndio unaoifanya ifae. Gharama ya vita ikionekana mahali ambapo risasi haikusikika, basi imepimwa ipasavyo.

Ngazi ya vita: kutoka Kyaka hadi Kampala

Chimbuko la uhasama ni mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote. Obote alipokelewa Dar es Salaam, na Serikali ya Tanzania ilikataa kumtambua Amin. Mwezi Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa vibaya. Mkataba uliotiwa saini Mogadishu mwezi Oktoba mwaka huo ulizitaka pande zote mbili zisishambuliane. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na chombo kimoja ambacho kingeweza kuwakutanisha viongozi wa nchi hizi kikatoweka.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika eneo lililo kati ya mpaka na Mto Kagera, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, ng'ombe wa ranchi ya Misenyi waliswagwa kuvuka mpaka, daraja la Kyaka lilibomolewa, na maelfu ya wananchi walikimbilia kusini mwa mto. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hoja yake ilijengwa juu ya nguzo tatu ambazo kila Mtanzania wa rika lile anazikumbuka: sababu, uwezo na nia.

Kwa upande wa lugha, utatu huo una jambo la kuzingatiwa. Sababu ilikuwa wazi, na nia ilikuwa ya dhati. Uwezo ndio uliokuwa neno zito zaidi, kwa kuwa uwezo wa kumtoa mvamizi ng'ambo ya Mto Kagera si uwezo wa kuiteka Kampala, wala si uwezo wa kuilinda Kampala baada ya kuiteka. Neno lilibaki lilelile huku kitu kinachopimwa nalo kikizidi kukua kila mwezi.

Vita vilipanda ngazi kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na hoja yake. Hatua ya kwanza, iliyoitwa Operesheni Chakaza, ilikuwa kumwondoa mvamizi. Hiyo ilipokamilika, mizinga ya Uganda iliendelea kupiga kutoka kwenye mwinuko wa Mutukula. Kwa hiyo Mutukula ilitekwa mwezi Januari 1979. Baada ya Mutukula, hoja ikawa kwamba uharibifu uliofanywa Kagera haukustahili kupita bila adhabu, na kwamba raia wa Uganda wenyewe wangeinuka iwapo wangeona miji ya kusini imeanguka. Masaka na Mbarara zilitekwa mwishoni mwa Februari. Matumaini yalikuwa kwamba wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni wangeyabeba mapambano kutoka hapo. Lakini walikuwa wachache mno, na kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alikuwa ameanza kumpelekea Amin askari na silaha. Tarehe 10 na 11 Machi majeshi ya Tanzania yalipambana na Walibya pamoja na askari wa Amin huko Lukaya. Tangu hapo Kampala ikaonekana kuwa mwisho pekee unaoeleweka, nayo ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mapambano yaliendelea hadi mwanzoni mwa Juni, askari wa Tanzania walipofika mpaka wa Sudan.

Ni vigumu kuonyesha ni siku gani hasa uamuzi wa kumwondoa Amin ulifanywa, kwa sababu kila hatua ilizaa inayofuata. Hii ndiyo tabia ya vita vinavyokuzwa. Kiongozi haamui kupanda ngazi nzima. Huamua kupanda daraja moja tu, na daraja hilo humwonyesha jingine. Mtu anayepima daraja mojamoja huliona kila moja kuwa jepesi, na hesabu ya ngazi nzima huja mwishoni.

Hatari za kisiasa

Hatari ya kwanza ilikuwa ya kisheria na kidiplomasia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Tanzania, ambayo ilikuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, ilikuwa na deni la maadili: iliulaumu Umoja huo kwa kushindwa kumkemea Amin alipovamia, lakini yenyewe ikavuka mpaka na kuiondoa serikali ya nchi jirani. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Rais Gaafar Nimeiry wa Sudan na Jenerali Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania hadharani. Nyerere alishikilia kwamba vilikuwa vita viwili, cha Watanzania cha kumtoa mvamizi na cha Waganda cha kujikomboa, na kwamba viliambatana tu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu ya maadili, ila haikuwa rahisi kuithibitisha mahali ambapo sehemu kubwa ya jeshi lililoingia Kampala lilikuwa la Tanzania.

Hatari ya pili ilikuwa ya vita kuvutia mataifa mengine. Mwishoni mwa Machi 1979 Gaddafi aliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda. Ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saa Nane na kuua swala. Tukio hilo lilichekwa sana, lakini mabomu yale yangaliangukia mjini, hesabu ya vita ingalikuwa nyingine. Nyerere aliitambua hatari hiyo. Kampala ilipozingirwa, aliagiza njia ya mashariki iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea bila Tripoli kulazimika kulipiza kisasi. Huu ni mfano mzuri wa busara ya kutokuza vita hata pale nguvu ya kuvikuza ipo.

Hatari ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kudumu: kumiliki matokeo. Mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi 1979 ulimchagua Yusuf Lule awe kiongozi, lakini aliondolewa mwezi Juni mwaka uleule. Godfrey Binaisa aliyemfuata naye aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, matokeo yakapingwa, na tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni alianza vita vya msituni vilivyokwisha Januari 1986. Katika misukosuko hiyo yote askari wa Tanzania walikuwa bado Uganda, na wa mwisho katika kikosi kikubwa waliondoka katikati ya mwaka 1981. Aliyekwenda kama mkombozi akajikuta mlinzi, kisha akashutumiwa kuwa mshirika wa upande mmoja.

Ndani ya nchi kulikuwa na hatari nyingine, isiyotajwa sana. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka hadi kuzidi 100,000 kwa kuwaingiza mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kuwarudisha watu hao uraiani, katika uchumi usio na ajira, kulihitaji uangalifu mkubwa. Mwezi Januari 1983 askari na raia kadhaa walikamatwa kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua Serikali, na baadhi yao walihukumiwa mwaka 1985. Haiwezekani kuihusisha njama hiyo na vita peke yake. Hata hivyo, nchi iliyosifika kwa utulivu ilipata kujua kwamba ushindi ugenini hauondoi manung'uniko nyumbani.

Hatari za kiuchumi

Gharama ya vita hukadiriwa kuwa takribani dola milioni 500 za Marekani. Kiasi hicho kilikaribiana na mapato yote ya nchi kutokana na mauzo ya nje kwa mwaka mmoja wa wakati ule. Kwa nchi inayoagiza mafuta, vipuri, dawa na sehemu ya chakula chake kwa fedha za kigeni, huo ulikuwa mwaka mzima wa jasho la wakulima wa kahawa, pamba, mkonge na korosho.

Ni kweli kwamba vita havikuwa sababu pekee ya dhiki iliyofuata. Bei ya kahawa, iliyopanda sana mwaka 1977, ilikuwa imeporomoka. Kuvunjika kwa Jumuiya kuliilazimu Tanzania kujianzishia shirika lake la ndege, la reli na la posta. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipandisha bei ya mafuta. Hali kadhalika, sera za ndani za biashara na kilimo zilikuwa na udhaifu ambao wachumi wameujadili kwa kirefu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba vita viliangukia juu ya matatizo hayo na kuyanyang'anya kinga. Akiba ya fedha za kigeni ambayo ingetumika kuipitisha nchi katika miaka mibaya ilikuwa imekwisha kutumika. Malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na risasi Kagera, na mengi yalirudi yakiwa mabovu au hayakurudi kabisa. Kwa hiyo mazao yalibaki vijijini yakisubiri usafiri. Aliyepoteza lori mwaka 1979 hakuweza kununua jingine mwaka 1980, kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwepo.

Mwezi Desemba 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mzozo huo wa masharti ulidumu hadi Agosti 1986, Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipofikia makubaliano na Shirika hilo. Kwa hiyo nchi iliyopigana kulinda uhuru wake wa kuamua ilijikuta, ndani ya muda usiozidi miaka minane, ikikubali kujadili thamani ya shilingi yake na bei ya mbolea yake pamoja na wakopeshaji. Kati ya matokeo yote ya kiuchumi ya vita, hili ndilo linalostahili kuzingatiwa zaidi na wanafunzi wa historia. Fedha iliyotumika kulinda mamlaka ya nchi mpakani ilipunguza mamlaka hayo katika Hazina.

Msamiati wa dhiki

Baada ya ushindi, wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Sitiari hiyo ilikuwa na mvuto: mkanda hufungwa na askari anayejiandaa, na hufungwa pia na mwenye njaa. Miezi 18 ilipita, mkanda haukulegezwa, na Kiswahili cha mitaani kilianza kuandika historia yake chenyewe.

Msamiati wa kipindi hicho ni hazina kwa mtaalamu wa lugha. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na khanga ziliitwa bidhaa adimu, na ziligawiwa kwa kibali au kupitia duka la kaya. Aliyekosa kibali alipanga foleni. Aliyechoka na foleni alinunua kwa bei ya kuruka kwa mlanguzi. Unga wa mahindi ya njano, uliotoka ng'ambo kama chakula cha msaada, uliitwa Yanga, kwa rangi ya klabu ya Jangwani. Nguo zilizovaliwa na wengine Ulaya zilipewa jina la mzaha mchungu, kafa Ulaya, kabla hazijahalalishwa na kuitwa mitumba. Jina daladala lilitokana na nauli ya shilingi tano, iliyoitwa dala, iliyotozwa na mabasi ya watu binafsi ambayo Serikali iliyaruhusu rasmi mwaka 1983 baada ya mabasi ya UDA kuadimika kwa kukosa vipuri. Huko Kagera, ugonjwa mpya ulioanza kuonekana mwaka 1983, ambao baadaye ulijulikana kuwa UKIMWI, uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Jina hilo halithibitishi kwamba vita ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Linathibitisha kwamba watu wa mpakani waliyaona maradhi, magendo na mpaka uliovurugika kuwa habari moja.

Ukilinganishwa msamiati huu na ule wa miezi ya vita, tofauti ni dhahiri. Wakati wa vita maneno yalitoka juu kwenda chini: nduli, mvamizi, mkombozi, kufunga mkanda. Yalikuwa maneno ya redio na ya mikutano ya hadhara, yenye kuwaunganisha watu dhidi ya mtu mmoja. Maneno ya dhiki yalitoka chini kwenda juu, na mengi yalikuwa na kicheko ndani yake. Kampeni ya 1983 dhidi ya uhujumu uchumi, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilijaribu kuirudisha lugha ya vita nyumbani. Wengi waliipenda kwa kuwa ulanguzi uliwaumiza kweli. Lakini adui wa sasa hakuwa ng'ambo ya mto. Alikuwa jirani mwenye katoni mbili za sabuni chini ya kitanda, na mara nyingi mnunuzi wake alikuwa yuleyule aliyemlaani. Lugha iliyofaa kwa nduli haikutosha kueleza uhaba, kwa sababu uhaba hauna sura ya mtu.

Mbagala: mzigo uliosafiri

Katika miaka ya 1970 Mbagala ilikuwa pembezoni, penye minazi, mikorosho na mashamba ya Wazaramo, palipopitiwa na wasafiri wa Rufiji, Kilwa na Lindi. Sensa ya 1978, iliyofanyika miezi michache kabla ya uvamizi, iliikuta Dar es Salaam ikiwa na wakazi 843,090. Kufikia 1988 walikuwa 1,360,850, na sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilielekea katika vitongoji vya nje, Mbagala ikiwa mojawapo.

Mji haukukusudiwa kukua bila mpango. Tangu miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao katika awamu yake ya kwanza ulipima maeneo kama Sinza na Kijitonyama, na katika awamu ya pili uliifikia Mbagala. Awamu hiyo ya pili ilikutana na miaka ambayo Serikali haikuwa na fedha, saruji wala mabomba. Baada yake mradi haukuendelezwa. Watu hawakusubiri. Walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, wakajenga nyumba chumba kwa chumba, na barabara za ndani zikawa ni upana uliosalia kati ya nyumba na nyumba. Aliyekuja Mbagala katikati ya miaka ya 1980 alikuta mji unaojengwa na kipato cha vibarua, wachuuzi na watumishi ambao thamani halisi ya mshahara wao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu ndani ya mwongo mmoja.

Uhaba wa mafuta uliurefusha umbali. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na mfanyakazi wa bandarini au wa viwanda vya Chang'ombe aliyekaa Mbagala alitegemea basi lisilo na uhakika. Kwake gharama ya vita haikuwa dola milioni 500. Ilikuwa saa mbili za kutembea kwa miguu kandokando ya Barabara ya Kilwa, na kilo moja ya sukari aliyoambiwa kuwa imekwisha alipofika mbele ya foleni. Wengi walijibu kwa kulima bustani, kufuga kuku, kukaanga maandazi na kuchoma mkaa. Lugha ilikiita kila kimoja mradi, neno lililokuwa la Serikali na sasa likawa la mama mwenye jiko moja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 jiji zima lilipata jina la Bongo, yaani mahali ambapo mtu huishi kwa akili zake.

Mbagala ilikuja kukutana na silaha zenyewe miaka 30 baada ya Kampala kuanguka. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha katika kambi ya Jeshi la Wananchi huko Mbagala Kizuiani lililipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zilibomoka au kupasuka, na watoto walipotezana na wazazi katika mkumbo wa watu waliokimbia. Tarehe 16 Februari 2011 yakafuata ya Gongo la Mboto, yaliyoua pia zaidi ya watu 20, na waliokimbia makazi yao walihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru, Temeke.

Mhadhara huu haudai kwamba mabomu ya Mbagala yalikuwa masalia ya Kagera. Uhusiano ni wa aina nyingine. Jeshi la kisasa linahitaji maghala hata wakati wa amani, na maghala yanahitaji matunzo ambayo ni ghali na hayaonekani. Nchi inayoshindwa kupima viwanja haiwezi pia kuulinda upana wa usalama kati ya kambi na makazi. Baada ya mlipuko kulizuka mjadala kuhusu nani alimfuata mwenzake, kambi au wananchi, na malipo ya fidia yalizua malalamiko ya muda mrefu. Mjadala huo ulikosa kutaja chanzo cha tatu: miaka ambayo upimaji wa mji ulisimama. Katika eneo la Kizuiani, kukosekana kwa mpango wa mji na kuwepo kwa silaha, mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa katika vitabu tofauti, yalikutana kwa asubuhi moja. Waswahili husema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. La kuongeza ni kwamba nyasi zinaweza kuumia hata tembo wakiwa wamelala.

Hitimisho

Upo upande wa pili wa mizani ambao haki inautaka usemwe. Utawala wa Amin uliua watu wengi mno, na lau Tanzania ingeishia Mutukula, upo uwezekano kwamba angejipanga upya kwa msaada wa Libya na kurudi. Askari wa Tanzania wanaokadiriwa kuwa 373 waliopoteza maisha, wengi wakiwa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, hawakufa kwa ajili ya kuteka ardhi. Tanzania haikubaki na hata kipande kimoja cha Uganda. Katika historia ya vita vya Afrika baada ya uhuru, hilo si jambo dogo. Anayesema kwamba vita hivyo vilikuwa vya haki ana hoja nzito, na anayesema kwamba viliifukarisha nchi naye anayo. Kosa hutokea pale hoja moja inapotumika kuifuta nyingine.

Somo lililo dhahiri zaidi ni la hesabu. Sababu na nia vilielezwa wazi mwaka 1978. Uwezo ulielezwa kwa jumla tu. Haikusemwa uwezo utadumu kwa muda gani, utalipwa kwa mazao gani, na nani atautoa katika sahani yake. Tangu wakati huo Tanzania imepeleka askari nje mara kadhaa: Anjouan mwaka 2008, mashariki ya Kongo kuanzia 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, na Msumbiji kuanzia 2021 pamoja na nchi za kusini mwa Afrika. Safari hizo zilifanywa kwa idhini na ushirikiano wa kimataifa, jambo linaloonyesha kwamba funzo la kisiasa la Monrovia lilieleweka. Hata hivyo, shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017, lililoua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14, lilikumbusha kwamba idhini haiondoi gharama, huigawa tu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni kubwa. Hotuba za vita zimehifadhiwa, na tenzi za ushindi zimechapishwa. Maneno ya foleni, ya duka la kaya na ya bei ya kuruka yanaishi zaidi vinywani mwa wazee, na wazee hao wanapungua kila mwaka huko Mbagala, Tandika na Manzese. Kamusi ikiyaingiza kama misemo ya kale bila kueleza yalitoka wapi, taifa litabaki na nusu ya kumbukumbu ya vita vyake, ile nusu inayokoma Kampala. Maneno hayo yanapaswa kukusanywa pamoja na bei, tarehe na mitaa yake, yakiwa ushahidi wa kihistoria wenye hadhi sawa na taarifa za jeshi, ili siku nchi itakapoulizwa tena kama ina uwezo, jibu litolewe na watu wanaojua uwezo wa mara iliyopita ulitoka wapi.